Vugiri zilitengenezwa filamu 35, zinazojulikana zimebaki 3. Nyingine zilienda wapi?

#1 Mwana Korogwe
Wakuu salaam. Naomba wajuzi wa sinema za kale wanisaidie maana hili jambo linaniuma sana. Kuanzia 1935 mpaka 1937 huku kwetu Vugiri, juu milimani Usambara, kulikuwa na mradi wa Waingereza unaitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wakuu wake Meja Notcutt na mwenzake Latham, hela nyingi ikitoka mfuko wa Carnegie wa Marekani. Walitengeneza filamu fupi fupi 35 hivi, waigizaji ni watu wa huku huku. Kuna ya benki ya posta, jamaa mmoja anafukia hela zake zinaibiwa mwenzake anapeleka posta, kuna ya kodi, ya chai, ya ngozi, ya mmomonyoko wa udongo, ya malaria kwa watoto. Zikapakiwa kwenye lori zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Leo zinazojulikana zipo ni tatu tu na ziko Uingereza: ya safura, ya mafunzo ya mifugo, na ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira. Yaani hapo ndipo sura za mababu zetu zilipo na hatuwezi kuziona. Mimi naamini ziliungua, maana filamu za zamani zilikuwa zinashika moto kirahisi mno. Nani ana maelezo zaidi?

#2 Kishoka wa Tegeta
Naweka kambi hapa, uzi wa maana huu.

#3 Mpenda Mikanda
Mleta uzi umesema kweli kuhusu moto. Filamu za mwanzo kabisa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa nitreti, ile plastiki ya kizamani, na nitreti ikishawaka haizimiki, hata uizamishe kwenye maji inaendelea kuungua kwa sababu inatoa oksijeni yake yenyewe. Mwaka 1897 Paris kwenye lile soko la hisani, Bazar de la Charité, filamu iliwaka wakafa watu zaidi ya 120. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya sinema ya Fox kule New Jersey likateketea lote na filamu za kimya kibao zikaenda. Ndiyo maana asilimia 90 ya filamu za kimya hazipo tena duniani.

#4 Bi Hija
@Mpenda Mikanda taratibu kaka. Paris hakikuwa kipande cha filamu kilichoanzisha moto, ilikuwa taa ya projekta iliyokuwa inatumia etha, walikuwa wanaijaza mtu akawasha kiberiti. Halafu hiyo 90 inarudiwa kila mahali lakini hesabu iliyofanywa vizuri ni ya Maktaba ya Bunge la Marekani, 2013: filamu ndefu za kimya za Marekani 10,919 za 1912 mpaka 1929, zilizobaki kamili kwenye mkanda ule ule wa 35mm zilivyotoka ni asilimia 14. Hiyo ni ndefu tena za Marekani peke yake. Filamu fupi za kabla ya hapo hazimo.

#5 Fundi Bulbu
Wakuu mmesahau kitu kikubwa. Filamu za Vugiri zilikuwa 16mm. Na 16mm tangu Kodak walipoitoa 1923 ilikuwa ni asetati, ile inaitwa filamu ya usalama, haikuwa nitreti kwa sababu ilikusudiwa kutumika majumbani na mashuleni. Kwa hiyo habari ya moto kwa Vugiri tuiweke pembeni kidogo. Nyumba inaweza kuungua na kila kitu ndani, sawa, ila mikanda yenyewe haikuwa ya kulipuka.

#6 Mwana Korogwe
Asante @Fundi Bulbu, hilo nilikuwa silijui. Sasa kama haziungui ndiyo swali linakuwa gumu zaidi, zilienda wapi?

#7 Mtoto wa Vuga
Assalaam aleikum. Moto msiuache haraka hivyo. Hapa Unguja jumba la sinema la Royal lilifunguliwa 1921, ikaja ikaungua miaka ya 50, Majestic ndiyo ikajengwa pale pale. Sinema za mwambao zimeungua zimejengwa, na kila ikiungua hakuna aliyehesabu kilichokuwemo ndani. Watu walililia jengo.

#8 Njoroge wa Nakuru
Niaje wadau. Mimi nafikiri hazikuharibika, zilitupwa. Hio ndio tabia ya kampuni na serikali zote, kitu kikiisha kazi kinatupwa. Angalia Georges Méliès, yule wa safari ya mwezini ya 1902, alitengeneza filamu zaidi ya 500 na jeshi la Ufaransa likachukua mikanda yake vita vya kwanza likaiyeyusha kutengeneza visigino vya viatu vya wanajeshi.

#9 Bi Hija
@Njoroge wa Nakuru ongeza na hii, negativu zilizobaki alizichoma mwenyewe Méliès, 1923, bustanini kwake Montreuil, alikuwa kafilisika na pa kuziweka hana. Jeshi lilichukua na yeye akachoma, yote mawili yalitokea. Lakini mbona leo tunazo filamu zake zaidi ya 200? Kwa sababu nakala zilikuwa zimeshauzwa kila pembe ya dunia, wenye maonyesho ya kuzunguka wakabaki nazo. Ile ya mwezini yenye rangi, iliyopakwa kwa mkono picha moja moja, ilionekana Barcelona, mtu alikuwa amewapelekea wa makavazi ya Catalonia mwaka 1993. Ilikuwa imegandana inaonekana gogo tu. Wakaianika kwenye mvuke wa kemikali ilainike, wakaipiga picha kipande kwa kipande, vipande 13,375, ikaja kuonyeshwa Cannes 2011. Kwa hiyo mwenye kazi anaweza kuiua na bado nakala ikaishi kwa mtu asiyejua ana nini.

#10 Kishoka wa Tegeta
Daaah vipande elfu kumi na tatu! Mimi hata chaja ya simu iliyoungana na waya nashindwa 😂

#11 Mpenda Mikanda
@Bi Hija leo umeamka na kamusi lote. Sawa nimekuelewa. Lakini moto si ndio uliwakimbiza watu pale Grand Café Paris, onyesho la ndugu Lumière la 28 Desemba 1895, treni ikija kwenye pazia watu wakatoka mbio? (natania moto, ila treni ni kweli)

#12 Bi Hija
Treni haikuwemo siku ile 😅 Ile ya watu 33 waliolipa zilikuwa filamu 10, kuna wafanyakazi wanatoka kiwandani, kuna mtoto ananyweshwa uji, kuna yule wa mpira wa kumwagilia maji bustanini. Treni ilianza kuonyeshwa Januari 1896. Na watafiti wametafuta ushahidi wa watu kukimbia hawajaupata wa kutosha, ni hadithi imekuzwa baadaye. Jihadharini nayo, maana hadithi hiyo hiyo walikuja kutubandika sisi, eti Mwafrika akiona sinema anashtuka haelewi, na mradi wa Vugiri ulijengwa juu ya fikra hizo za kupimwa kama tunaelewa.

#13 Mwana Korogwe
Hapo Bi Hija umegusa. Ndio maana kuna mtu ofisi moja aliwahi kuniambia hizo ni filamu za kikoloni ziacheni zife. Mimi sikubaliani hata kidogo. Mafundisho ni ya kikoloni lakini uso ni wa bibi yangu, mkono unaochuma chai ni wa bibi yangu, kanga, nyumba, njia ya kwenda mtoni, hivyo havikuwa vya Meja.

#14 Shekilindi Jr
Naunga mkono #13. Angalia kilichotokea Blackburn Uingereza. Wale Mitchell na Kenyon miaka ya 1900 mpaka 1913 walikuwa wanapiga picha wafanyakazi wakitoka kiwandani mchana, jioni wanawaonyesha pale pale kwenye maonyesho, mtu analipa kujiangalia mwenyewe. Basi. Hawakuwa wanawaza historia, walikuwa wanatafuta hela ya siku hiyo. Negativu zikakaa kwenye madumu matatu ya chuma chini ya duka mpaka 1994 mafundi waliokuwa wanasafisha jengo wakazikuta, filamu kama 800. Leo watu wa kule wanamtafuta babu wa babu yao kwenye lango la kiwanda. Ukiitazama unaona watoto wanakimbilia kamera, mwanamke anaficha uso na shela, kijana anavua kofia anapunga, mwingine anarudi kupita mara ya pili ili aonekane tena. Dakika mbili tu lakini hutachoka. Sasa nielezeni kwa nini wa Blackburn wawe nao na wa Vugiri wasiwe nao.

#15 Fundi Bulbu
Kwa sababu ya hali ya hewa mkuu. Asetati haiungui ila ina ugonjwa wake. Ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kutoa asidi, unasikia harufu ya siki, na ile asidi inaongeza kasi ya kuharibika yenyewe kwa yenyewe, tena inaambukiza mikanda ya jirani. Mkanda unasinyaa, kingo zinajikunja mawimbi mawimbi, baadaye ile ngozi ya picha inabanduka kwenye plastiki. Kuna vikaratasi wanaweka ndani ya kopo, vya bluu, vikigeuka kijani mpaka njano ujue hali mbaya. Blackburn chini ya duka ni baridi. Sasa kopo lililofungwa kabisa, chini ya bati, Tanga, miaka 80. Piga hesabu.

#16 Njoroge wa Nakuru
@Fundi Bulbu lakini Vugiri si Tanga mjini, kule juu kuna ukungu na baridi si mchezo. Nimefika Lushoto nikalala na blanketi mbili. Joto halitoshi kueleza.

#17 Fundi Bulbu
Baridi ipo, unyevu je? Ukungu huo huo ndio unaootesha kuvu kwenye mkanda. Na filamu hazikubaki Vugiri, zilitembea na lori.

#18 Kapteni wa Kizimkazi
Mnazungumza baridi hamjataja Dawson City jamani. Kule Yukon, Kanada, ndio ilikuwa mwisho wa njia ya filamu, ikifika pale hakuna aliyetaka kulipa nauli ya kuirudisha, zikarundikana. Mwaka 1929 wakachukua mikanda wakafukia bwawa la kuogelea lililokuwa chini ya uwanja wa barafu. 1978 wanajenga kitu kipya, buldoza likafukua, mikanda 533, ya miaka ya 1910 na 20, mingi haikuwepo kwingine kokote. Ardhi ilikuwa imeganda muda wote. Na hiyo ilikuwa nitreti, wasafirishaji wa kawaida wakakataa kuibeba ikabidi ndege ya jeshi. Hoja yangu ni mwisho wa njia. Tuulize lori la Vugiri safari yake iliishia wapi, hapo ndipo pa kutafuta. Mimi nasema Nyasaland.

#19 Mtoto wa Vuga
Hoja nzuri kapteni lakini kwetu mwisho wa njia haukuwa hivyo. Filamu za kibiashara zilikuja kwa meli kutoka Bombay na kwingine, za kukodi, zinazunguka Unguja, Dar, Tanga, Mombasa, mwenye mali anazisubiri. Haibaki kitu.

#20 Binti Fundi Projekta
Naomba nichangie maana baba yangu mzazi aliendesha projekta miaka mingi Mombasa, na kabla yake mjomba wake. Hakuna aliyetaja hili: mikanda ilikwisha kwa kutumika. Inafika kwetu imeshachanika, matobo ya pembeni yameliwa, kila ikikatika fundi anakata kipande kibovu anaunga kwa gundi, onyesho la kesho imepungua. Vile vipande vilivyokatwa havikutupwa, watoto walikuwa wanagombania chini ya dirisha la kibanda cha projekta. Mnakumbuka ile sinema ya bulbu? Bulbu iliyoungua unatoa vya ndani unajaza maji, kioo cha kurushia mwanga wa jua, kipande cha filamu katikati, ukutani kwenye chumba cha giza anatokea mtu kichwa chini miguu juu. Tulitoza kiingilio kwa vifuniko vya soda. Sinema zetu nyingi za zamani zimeishia hapo mikononi mwa watoto, si moto wala siki.

#21 Kishoka wa Tegeta
Sinema ya bulbu!!! Umenirudisha mbali dada. Tulikuwa tunageuza kipande juu chini ndio mtu asimame sawa. Kumbe tulikuwa tunamaliza historia 😭

#22 Mzee wa Gerezani
Vijana hamjambo. Nimesoma wote. Naona mnatafuta filamu kama filamu, mimi nawaambia tafuteni karatasi. Marekani mpaka 1912 sheria ya hakimiliki ilikuwa haijaitambua sinema, kwa hiyo Edison na wenzake wakawa wanasajili kama picha za kawaida, wanachapa mkanda mzima kwenye karatasi ya picha wanapeleka Washington. Mikanda ikaoza, karatasi zikadumu. Zaidi ya filamu 3,000 za 1894 mpaka 1912 zimerudi hivyo, yule bwana Kemp Niver alizipiga upya picha moja moja kuzirudisha kwenye filamu. Huyo mtu anayepiga chafya wa Edison, 1894, ndiye wa kwanza kusajiliwa na kubaki. Notcutt na Latham waliandika kitabu 1937 kueleza kazi yao yote. Barua zao na Wizara ya Makoloni lazima ziwe zimeeleza nakala zilikabidhiwa nani.

#23 Mwana Korogwe
Shikamoo mzee. Hili la barua ni zuri mno. Mradi ulipoisha 1937 serikali ya Uingereza haikutaka kuuendeleza kwa hela yake, kwa hiyo kukabidhiana lazima kulikuwepo.

#24 Mzee wa Gerezani
Marahaba. Au hakukuwepo, kila mtu akaondoka na chake. Mradi ukikatiwa hela ghafla makabidhiano huwa mtu na sanduku lake.

#25 Bi Hija
Kuna jambo jingine gumu. Vugiri sauti haikuwa kwenye mkanda. Filamu ni kimya, maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, Kiswahili na lugha nyingine kadhaa, zinachezwa sambamba. Kwa hiyo hata mkanda ukipatikana bila santuri unapata watu wanatembea tu, mtunzaji asiyejua anaandika juu ya kopo “Afrika, haijulikani” anairudisha kabatini. Mimi ndiyo maelezo yangu: nyingi hazikupotea, hazijatambuliwa. Mwaka 2016 Prague waligundua filamu ya Méliès ya 1904 iliyokuwa imekaa kwao chini ya jina lisilo lake. Na ile ya wapenzi weusi wawili wanaobusiana kwa furaha, ya kampuni ya Selig, Chicago 1898, Saint Suttle na Gertie Brown, ilikuwa ndani ya mkusanyiko ulionunuliwa, mtunzaji wa filamu wa chuo kikuu cha USC kule California ndiye aliyetazama matobo ya pembeni akaona haya ni ya kizamani sana kuliko yanavyodhaniwa. Ikatambuliwa, na mwaka uliofuata, 2018, ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu Marekani. Baadaye ikaonekana nyingine ndefu zaidi ya wapenzi hao hao huko Norwei, nayo ilikuwa makavazini siku zote.

#26 Shekilindi Jr
Ile ya 1898 niliiona, nilikaa kimya muda. Miaka ile weusi walikuwa wanaigizwa na wazungu waliojipaka masizi, halafu hawa wawili wanacheka na kushikana mikono, wanajiamini kabisa.

#27 Njoroge wa Nakuru
Bado mimi nasimama na kutupwa. Bi Hija anasema hazijatambuliwa, mzee anasema karatasi, dada anasema zimeliwa na projekta. 35 kwa 3 si bahati mbaya, ni mtu aliamua hazina thamani.

#28 Binti Fundi Projekta
@Njoroge wa Nakuru kuamua hazina thamani na kuzionyesha mpaka ziishe ni vitu viwili. Baba hakutupa hata inchi moja kwa dharau.

#29 Katekista
Tumsifu Yesu Kristo. Nasoma huu uzi tangu jana. Parokia moja huku milimani kuna chumba cha zamani cha mapadre, kuna makopo ya mviringo ya bati, yana kutu. Nilifungua moja leo asubuhi, harufu ya siki ilinipanda mpaka machozi. Ndani mkanda mwembamba, kingo zimejikunja, ila katikati bado unazunguka. Nilinyoosha kidogo dirishani nikaona kama watu wamesimama mstari na nyuma kuna miti. Nifanyeje?

#30 Fundi Bulbu
Usiuvute tena! Na usiujaribu kwenye projekta yoyote hata mtu akusihi. Tenga hilo kopo na mengine, weka penye kivuli pakavu na hewa inapita, kifuniko usikikaze. Kisha tazama pembeni mwa mkanda kwa kioo cha kukuzia. Kuna matobo upande mmoja au pande zote mbili? Kuna maandishi? Kodak walikuwa wanaweka alama ndogo, mviringo, mraba, pembetatu, kuonyesha mwaka filamu ilipotengenezwa kiwandani.

#31 Katekista
Matobo yapo pande zote mbili. Maandishi nasoma SAFETY, na kuna mraba mmoja mweusi.

#32 Mwana Korogwe
Mikono inanitetemeka hapa.

#33 Bi Hija
Matobo pande mbili ni mkanda wa kimya. Mraba mmoja ni 1937. Au 1957, zile alama zinarudia kila miaka 20.

#34 Njoroge wa Nakuru
Ni 57 hio. Mapadre walikuwa na kamera zao, wakipiga kipaimara na ujenzi wa shule. Kimya ni kawaida kwa kamera ya mkononi.

#35 Kapteni wa Kizimkazi
Na kama ni 37 mradi ulikuwa unafunga virago. Inaweza kuwa ya mwisho mwisho.

#36 Mzee wa Gerezani
Katekista, mwangalie padre mkongwe aliyebaki, umuulize makopo yaliingia lini chumbani. Na kopo kwa nje, chini ya kutu, kuna karatasi iliyobandikwa?

#37 Katekista
Ipo nusu, imeliwa na mende. Naona “...GIRI” au “...GIRA”, wino wa bluu. Mwanga umekuwa hafifu huku, kesho baada ya misa ya kwanza nitaipiga picha niilete hapa.